Wasia wa Mzee Semboja wa Sabuni

Hapo zamani, na si zamani ya kale sana, maana wapo watu ambao mpaka leo wanavaa kanga zilizofuliwa kwa sabuni yake, aliishi mfanyabiashara mmoja katika mji wa Kwembago. Jina lake Mzee Mhina Semboja. Kazi yake ilikuwa kutengeneza sabuni ya mche, ile ndefu ya buluu inayokatwa vipande kwa uzi. Alianza na banda la mabati sokoni, sufuria moja kubwa, na muhuri wa mti wa kugongea jina lake. Akamaliza na kiwanda chenye wafanyakazi mia mbili.

Mke wake alikuwa Bi Siwatu. Hadithi hii ni ya mke kuliko mume, kwa sababu mume anakufa mapema.

Sasa, huyu Mzee Semboja alikuwa mkono wa birika. Koti alikuwa nalo moja, na Bi Siwatu alipenda kusema kwamba kiraka cha kwanza cha koti hilo kilishazeeka nacho kikatiwa kiraka. Vile vipande vyembamba vya sabuni vinavyobaki bafuni hakuvitupa hata siku moja. Alivikusanya mwaka mzima, akavikanda pamoja vikawa donge, na siku ya Idi akampa mkewe kama zawadi. Sokoni alibishania bei ya nyanya mpaka nyanya zenyewe zikazidi kuiva.

Lakini mkono huo huo wa birika, ukiuelekeza kwa watu, ulimimina kama birika kweli. Ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka mlimani hadi mjini, wanawake wakaacha kuamka na ndoo. Ndiye aliyesomesha watoto ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo, na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kila likizo mtoto aje amsomee gazeti, kwa sababu kununua miwani aliona ni anasa. Na ndiye aliyeanza kujenga wodi ya wazazi pale zahanati. Kuta zilikuwa zimesimama, paa bado.

Basi Alhamisi moja asubuhi Mzee Semboja alikwenda kiwandani kama kawaida, akaketi juu ya kreti, akaomba maji ya kunywa. Maji yalipofika alikuwa ameshakwenda zake. Daktari alisema ni moyo. Bi Siwatu hakulia. Alikaa juu ya mkeka, akawa anatazama mlango kana kwamba mtu amechelewa kurudi.

Ukatokea mkwamo. Waosha maiti wa msikiti, wote wawili, walikuwa wamekwenda maulidi mji wa jirani, na maiti haikawizwi. Sheikh Mbaruku akauliza uani ni nani mwanamume anayeijua kazi ile. Watu wakatazamana. Ndipo akasimama Fundi Shelukindo.

Sasa, lazima niwaeleze huyu Fundi ni nani.

Miaka kumi na sita nyuma, Fundi Shelukindo ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa sabuni ya Semboja. Sabuni ya kuchemsha ni mafuta ya nazi na dawa kali iitwayo kostiki. Ukizidisha kostiki, sabuni inakula ngozi. Ikatokea wiki moja sabuni ikawala watu. Nusu ya wanawake wa Kwembago walibambuka mikono. Mzee Semboja akasimama sokoni mbele ya wote akasema mpishi wake amezidisha kostiki, na akamfukuza papo hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua sabuni ya Shelukindo, na wengine hata salamu walimnyima. Akaishi kwa kubeba magunia na kupalilia mashamba ya watu. Huyo ndiye aliyesimama kumwosha Mzee Semboja.

Bi Siwatu, kutoka chumba cha ndani, alimwona akipita na ndoo, akarudi nyuma ya mlango. Alikuwa na sababu yake ya kuogopa, nayo tutaifikia. Pazia likafungwa. Akasikia maji yakimiminwa taratibu, na sauti ya Fundi ikisoma chini kwa chini. Alipotoka, mikono ya shati lake imelowa hadi kiwikoni, alimwendea mjane, akainama.

"Tayari, mama," alisema. "Amelala vizuri."

Akaenda kuungana na wabebaji wa jeneza.

Jeneza likainuliwa. Kabla halijafika mlangoni, njia ikazibwa. Aliyeiziba ni Bi Nyamizi.

Bi Nyamizi alikuwa Mnyamwezi, na marehemu alikuwa Mzigua. Anayejua utani anajua Mnyamwezi ana haki gani kwenye msiba wa Mzigua. Kwa miaka mingi alikaanga mihogo mbele ya lile banda la zamani la sabuni, juani na mvuani, akimchokoza Mzee Semboja kila alipopita. Siku hiyo alikuwa amelivaa lile koti la viraka, sijui alilitoa wapi, na mkononi ameshika nyanya.

Akaanza. Akaitazama ile nyanya upande huu na upande ule, akatikisa kichwa, akaomba apunguziwe. Akaomba apunguziwe tena. Akaligeukia jeneza akasema, "Mtani, huko uendako usije ukambishia malaika bei ya kaburi, utatuchelewesha." Watu wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Akaokota kipande cha sabuni kilichobaki kwenye beseni, akakitia mfukoni kwa siri, mfuko ukawa umetoboka, kikaanguka, akakiokota tena. Nyuma ya mlango Bi Siwatu alicheka. Alicheka mpaka kilio alichokuwa amekizuia tangu asubuhi kikapata njia, akalia na kucheka pamoja.

Na hapo ndipo Bi Nyamizi angeacha. Hakuacha.

Akajifanya anamimina kitu kutoka kwenye kopo. Anamimina, anatazama pembeni, anamkemea mtu, anasahau, anamimina tena. Kisha akanyoosha kidole kwa mbali, akasema kwa sauti ya marehemu, "Shelukindo, umewaunguza watu!"

Kicheko kikakatika.

Bi Nyamizi akalivua koti. Alisema kwa sauti yake mwenyewe kwamba asubuhi ile ya miaka kumi na sita iliyopita Fundi hakuwapo kabisa bandani, alikuwa amempeleka mkewe zahanati. Aliyemimina kostiki mara mbili ni Mzee Semboja. Yeye Nyamizi alikuwa mlangoni na mihogo yake, aliona kwa macho.

"Mtani wangu alikuwa mtu mkubwa," alisema. "Hakuwa mtu wa kuomba radhi. Nimemwombea mimi. Sasa apite."

Watu wote wakamtazama Fundi Shelukindo. Yeye alikuwa ameshika mguu mmoja wa jeneza, anatazama chini. "Mpisheni marehemu," alisema, na jeneza likapita.

Kesho yake, mwanamke mmoja ambaye hakumsalimia Fundi kwa miaka kumi na sita alikwenda kwake na mayai tisa kwenye kikapu, akayaweka kizingitini, akaenda zake. Kesho kutwa yake walikwenda wanne. Mke wa Fundi aliwaambia majirani kwamba kama mambo yataendelea hivi, itabidi afungue duka la mayai.

Siku zikapita, ikafika arobaini.

Arobaini ya Mzee Semboja ilijaza uwanja wa shule. Ikasomwa hitima, pilau likaanza kunukia, na kabla ya kula akasimama Mwalimu Mbwana Kilua. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza kusomeshwa na marehemu, na kwa hiyo ndiye aliyesoma magazeti mengi kuliko wote. Sasa alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa suti na leso, na maneno yake yalipigwa pasi kama suruali yake.

Lakini tusimwonee, alijua kusema. Alisimulia jinsi alivyokuja mjini na kaptura moja. Alisimulia jinsi marehemu alivyokuwa akimsikiliza akisoma, na kila alipokosea neno alimsahihisha, ingawa alidai hakuyaona maandishi. Alilitaja bomba, akaitaja wodi. Akasema maneno haya, na mpaka leo Kwembago wanayakumbuka: "Yeye alivaa kiraka ili sisi tuvae sare." Wazee walishika ndevu. Wanawake walijifunika nyuso kwa kanga.

Kisha akaonyesha kwa mkono kule zahanati, kwenye zile kuta zisizo na paa, akauliza kama mvua za mwaka huu zitamkuta mwana wa Kwembago anazaliwa nje. Mwenye duka la vifaa akasimama akaahidi bati. Mafundi seremala wakasimama. Wafanyakazi wa kiwanda wakasema watatoa siku zao za mapumziko. Kabla pilau halijapoa, wodi ilikuwa imepata paa, mlango na vitanda sita. Hotuba moja tu.

Ila katikati ya hotuba hiyo, Mwalimu alisema kwamba Mzee Semboja, katika maisha yake yote, hakupata kumkosea mtu. Bi Nyamizi alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu asiye na mafua. Mwalimu akajifuta uso kwa leso, akaendelea.

Sheikh Mbaruku akauliza nani mwingine ana neno. Watu wakamsukuma Fundi Shelukindo, asimame aseme, maana sasa kila mtu alitaka kumsikia. Akasimama.

"Mimi nilimwosha," alisema. "Aliyeosha maiti hana la kusimulia." Akakaa.

Ndipo Sheikh alipotoa barua. Marehemu alimwachia miaka miwili kabla, akamwagiza isifunguliwe mpaka siku ya arobaini, baada ya watu kusema yao. Kiwanda na nyumba vilikuwa vya warithi, hilo lilikuwa wazi. Lakini lile banda la sokoni, sufuria na muhuri, kitu ambacho hakikufika hata karibu na thuluthi anayoruhusiwa mtu kuusia, alikitenga. Sheikh akasoma:

"Banda langu la kwanza apewe yule atakayenienzi inavyonipasa. Mke wangu Siwatu atamjua."

Imekwisha. Hata kwa maneno mzee alikuwa mbahili.

Bi Siwatu alihisi macho ya uwanja mzima yakimgeukia. Moyoni alimwambia mumewe kwamba ameishi naye miaka arobaini na miwili, akamfulia koti lile lile, na sasa hata kufa amemwachia kazi. Lakini banda halikuwa mchezo. Lilikaa kwenye kona bora ya soko, na watu watatu waliokuwa wamemuenzi marehemu, kila mmoja kwa njia yake, wote walilihitaji. Mwalimu alikuwa na madaftari na vitabu vilivyoliwa na mchwa kwa kukosa chumba cha kusomea watoto. Bi Nyamizi alikuwa amezeeka mbele ya mlango ule bila kuwa na paa. Fundi Shelukindo alikuwa na ujuzi mikononi na hana sufuria.

Akaomba waje wote watatu barazani kwake, na Sheikh awe shahidi. Akawaambia waseme wenyewe. Alidhani wataoneana haya. Hawakuoneana.

Mwalimu Kilua alianza. Alisema kumuenzi mtu ni kuiendeleza kazi yake, na kazi ya marehemu ilikuwa kutoa. "Nilisema mema, na mema yakazaa paa," alisema. "Mwanamke atakayejifungua mle ndani wakati wa masika hatauliza kama hotuba yangu ilikuwa na upungufu."

"Ilikuwa na uongo," alisema Bi Nyamizi.

Mwalimu akajibu kwamba alijua vizuri habari ya kostiki, tangu siku ya mazishi mji mzima uliijua. Lakini nani angechangia bati baada ya kukumbushwa mikono iliyobambuka? Neno moja alilificha, na paa likasimama.

Akaja Bi Nyamizi. Yeye alisema Mwalimu alimsifu mtu ambaye hakuwahi kuwapo, malaika wa kuvaa koti. Yeye alimleta Semboja mwenyewe pale uani, na nyanya yake, na ubahili wake, na kosa lake. "Mlicheka kwa kuwa mlimwona," alisema. "Na deni lililokuwa likimsubiri kaburini nimemwondolea. Fundi anasalimiwa leo kwa sababu ya nani?"

Hapo Mwalimu hakunyamaza. Aliuliza, kwa upole wa kimwalimu unaochoma, kwamba kama aliona kwa macho, kwa nini alikaa kimya miaka kumi na sita. Na je, si kweli kwamba katika soko zima Bi Nyamizi peke yake ndiye ambaye Mzee Semboja hakuwahi kumbishia bei?

Bi Nyamizi akakiri. Alisema kweli, kila siku marehemu alinunua mihogo kwake na hakuomba kupunguziwa, na wote wawili walijua ni kwa nini. "Nilikuwa na watoto watano," alisema. "Na utani una siku yake. Nilingoja siku yangu."

Akabaki Fundi Shelukindo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya chini, amekunja mikono. Bi Siwatu akamwomba aseme.

Alisema hakwenda kuosha ili apewe banda, maana hapakuwa na barua siku hiyo. Lakini kwa kuwa barua ipo, hatadanganya kwamba halitaki. Analitaka. Alisema wenzake wamemuenzi marehemu kwa midomo, na midomo haiumi. Yeye alimbeba mtu aliyemharibia jina, akamgeuza taratibu kama mtoto, akamwosha kichwa na miguu. "Ningeweza kukaa pale uani nikasema atafutwe mwingine," alisema. "Ningeweza kusema la kwangu, na maiti asingejibu. Nilimsitiri. Kuna heshima gani zaidi ya hiyo?"

Bi Nyamizi akamjibu, bila ukali, kwamba kama wote wangekaa kimya kama yeye, angekuwa bado anabeba magunia. Fundi akasema hilo ni kweli, na anamshukuru. Lakini hakumtuma.

Na hapo Bi Siwatu alifanya jambo ambalo Sheikh hakulitazamia. Alishuka kwenye kiti chake, akaenda kukaa kwenye ngazi, chini kabisa, kando ya Fundi.

"Mimi pia nilijua," alisema. "Siku ya tatu tu baada ya kukufukuza aliniambia. Nikamwambia nenda kamwambie. Akasema kesho. Kila nilipomkumbusha alisema kesho, mwisho nikaacha kumkumbusha."

Alingoja hasira. Fundi aliendelea kutazama mikono yake.

"Nilijua kwamba unajua, mama," alisema hatimaye. "Mtu hapelekewi kuku mzima kila Idi bure."

Bi Siwatu akaangua kicheko, mara ya pili tangu mumewe afariki, na mara hii hapakuwa na machozi ndani yake, au yalikuwapo machache. Hata Sheikh Mbaruku aliinamisha kichwa kuficha meno.

Lakini kicheko hakikumpa mtu banda. Mji wa Kwembago ukagawanyika. Wanawake waliokuwa wajawazito, na waume zao, walisema apewe Mwalimu. Watu wa sokoni walisema Bi Nyamizi, maana kweli iliyochelewa bado ni kweli. Watu wa msikitini walisema Fundi Shelukindo. Kinyozi mmoja alisema apewe Bi Siwatu mwenyewe, kwa kumvumilia, akaambiwa anyoe anyamaze.

Ijumaa baada ya sala, Bi Siwatu alivaa kanga safi, akatoka barazani. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani. Mwalimu alisimama na leso yake, Bi Nyamizi ameacha mihogo jikoni inaungua, Fundi amejitenga kidogo karibu na ukuta. Bi Siwatu aliwatazama mmoja mmoja. Alijua atakayempa, na alijua wawili watakaoumia, na bado akafungua kinywa.

Haya, wasikilizaji wangu, msinitazame mimi, semeni. Mmoja alimsifu, ikapatikana wodi. Mmoja alimtania, ikapatikana kweli. Mmoja alimsitiri, hakikupatikana kitu ila heshima ya maiti. Marehemu alisema apewe aliyemuenzi inavyompasa. Nyinyi mngekuwa Bi Siwatu, banda mngempa nani?